Nimeenda kafe ya anime Ikebukuro kumtafuta libero wangu, nikaangukia kwa bundi (uzi mrefu, chukua chai)

Libero_Mfupi (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Kuna mtu aliniuliza kule kwenye uzi wa Haikyu!!, ile anime (katuni ya Kijapani) ya voliboli, nisimulie zile kafe za Japani nikamjibu nitaandika nikitulia, sasa leo umeme umekatika tangu saa moja na simu ina asilimia 80 basi ngoja niandike hivyo hivyo.

Kwa ambao hawajui, wenyewe wanaita korabo kafe, yaani kafe ya kolabo. Kafe inaungana na anime fulani kwa wiki kadhaa, pengine mwezi au miwili, menyu yote inageuzwa, ukutani picha za wahusika, muziki unaopigwa humo ni wa anime hiyo hiyo, muda ukiisha wanabandua kila kitu wanabandika anime nyingine. Si mgahawa wa kusema nitaenda mwakani. Ukichelewa umechelewa.

Mimi nilikuwa libero sekondari, yule mchezaji wa voliboli wa kuokoa mipira nyuma. Tulifika UMISSETA ngazi ya mkoa tukatolewa, hiyo hadithi tuiache maana bado inauma. Nina sentimita 156, maisha yangu yote naitwa kifupi, kwenye picha za darasa nakaa mbele chini na ubao wa jina la shule, mpaka siku nikamuona Nishinoya yule libero namba 4 wa Karasuno, timu ya kwenye Haikyu!!, hajafika 160, jezi yake ya machungwa katikati ya wenzake waliovaa nyeusi, mpira unakuja yeye anaruka kifudifudi kama anaogelea sakafuni. Nikasema huyu ni wa kwangu. Wajapani yule mhusika wako wa moyoni wanamwita oshi, basi huyo ndo oshi wangu tangu hapo na sibadilishi.

Mwezi wa tano ofisi ikanipeleka Yokohama kozi ya wiki tatu. Kabla sijaangalia hata hali ya hewa nikaanza kutafuta kama kuna kafe ya Haikyu!! kipindi hicho. Nikaikuta ipo, Ikebukuro, mtaa wa Tokyo.

Sasa mziki unaanzia hapa. Hizi kafe, hasa wiki za mwanzo, huingii tu kwa kusukuma mlango. Unaomba kiti mtandaoni wiki kadhaa kabla, unachagua siku na saa unazotaka, halafu wanachezesha bahati nasibu. Viti vikibaki ndo vinauzwa kwa anayewahi. Mimi nikajaza fomu kwa kutafsiri na simu, jina, barua pepe, kila kitu kimekubali, mwisho mfumo unataka namba ya simu ya Japani ikutumie msimbo wa uhakiki. Nikaweka ya kwangu ya bongo, ikakataa. Nikaongeza 255 mbele, ikakataa. Nilikaa nimeiangalia ile skrini kama mtu aliyefukuzwa harusini.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa Moshi anasoma kule, akaomba kwa jina lake watu wawili. Tulichagua Alhamisi mchana kwa makusudi kwa sababu Jumamosi na Jumapili ni vita. Baada ya siku chache akanitumia picha ya barua pepe na neno moja tu: TUMEPATA. Nilikuwa kwenye daladala, nikapiga kelele, konda akauliza dada umeshinda mkeka?

Naendelea, ngoja nile kwanza.

Chapati_Baridi

Nimeweka kigoda mbele kabisa. Usije ukatuacha njiani kama yule wa uzi wa Zambia.

Nakuru_Nekoma

Niaje wasee. Hiyo story ya namba ya simu imeniuma pia mimi, nilijaribu kutoka Nairobi nikakwama hapo hapo. Kumbe ni lazima ujue mtu? Na mbona Karasuno, timu ya kunguru, si ungechagua paka kama watu wa maana?

Kigamboni_Kwetu

Kunguru tunaowajua sisi wa Dar ni wale wa kuiba sabuni na mayai ya kuku, serikali imehangaika nao miaka. Halafu mtu anashangilia timu yao kwa hiari.

Libero_Mfupi

@Kigamboni_Kwetu hahaha we cheka lakini ile filamu ya Haikyu!! iliyotoka Japani Februari 2024 inaitwa kabisa pambano la jalalani, kunguru wa Karasuno na paka wa Nekoma wanagombania jalala. Mtu yeyote aliyekulia uswahilini hiyo mechi kashaiona live.

Haya tuendelee. Siku ya siku nimetoka Yokohama na treni ya moja kwa moja mpaka Ikebukuro, haifiki saa nzima. Stesheni yenyewe ndo mtihani. Mlango wa mashariki kuna duka kubwa linaitwa Seibu ambalo "sei" maana yake magharibi, na mlango wa magharibi kuna duka linaitwa Tobu ambalo "to" ni mashariki. Nani aliwapangia sijui. Nimezunguka dakika ishirini chini kwa chini nikampigia dada wa Moshi, akasema njoo kwenye bundi.

Nikamwambia wapi?

Kwenye bundi. Pale stesheni kuna sanamu ya bundi inaitwa Ikefukuro, kwa Kijapani bundi ni fukuro kwa hiyo wamecheza na jina la mtaa, na watu wa mji ule wakipeana miadi wanakutania hapo. Nimefika nakuta watu wamelizunguka bundi wanatabasamu, wengine wanapiga nalo picha. Bibi yangu angerudi Yokohama muda ule ule.

Chapati_Baridi

Bundi wa kwanza huyo. Nahesabu.

Bint_Unguja

Astaghfirullah, miye ningetafuta mlango mwengine.

Libero_Mfupi

Upande wa mashariki ndo kuna mambo yetu. Duka kuu la Animate lipo hapo, ghorofa na maghorofa ya anime tupu, na mitaa ya karibu na Sunshine City kuna ile barabara wanaiita Otome Road, yaani ya mabinti. Akihabara, ule mtaa mwingine wa anime, kila mtu anaijua lakini Ikebukuro ndo kwetu sisi wanawake, kwenye foleni ya kafe ile kama watu thelathini niliwaona wanaume watatu, na mmoja nadhani kasindikiza mtu.

Saa yetu ilikuwa tisa na nusu alasiri. Si tisa na thelathini na tano. Mnapangwa kwa namba, mnaonyesha msimbo kwenye simu na jina lazima lifanane, mnaingizwa wote pamoja na muda mnaopewa ni dakika 80, oda ya mwisho nusu saa kabla hamjatoka. Ile pesa ya kuomba kiti yen 770 ilikuwa na zawadi ndani yake, kadi ya posta.

Meza yetu ilikuwa chini ya picha kubwa ya Karasuno wote wamesimama. Nilitaka kulia kidogo nikajizuia maana dada wa Moshi alikuwa anarekodi.

Chakula sasa. Menyu inafuata wahusika. Kageyama anapenda kari ya nguruwe yenye yai bichibichi juu, basi ipo. Wale mapacha wa Miya wana sahani ya onigiri, zile tonge za wali zimefungwa mwani, waliomaliza manga (vile vitabu vyake vya katuni) wanajua kwa nini. Vinywaji kila timu na rangi yake, Aoba Johsai kijani cha bahari, Nekoma nyekundu, Karasuno cheusi chini machungwa juu. Nitasema ukweli bila kuwaonea. Onigiri zilikuwa za baridi, kinywaji ni sharubati ya dukani na barafu nyingi, ukikichanganya ile rangi nzuri inakuwa maji ya kuoshea brashi. Yen 1,690 sahani, kinywaji 800. Kwa hela ile ile mtaa wa pili unakula rameni mbili na chenji unarudishiwa.

Lakini kila kinywaji kinakuja na kosta. Na kosta ndo iliyotupeleka.

Dereva_wa_Mbagala

Samahani dada kwamba kila soda unapewa kosta?? Ya siti ngapi? Nauza shamba kesho nakuja.

Chapati_Baridi

😂😂😂 jamaa kashapiga hesabu ya hesabu ya kila siku kwa bosi

Libero_Mfupi

Nyie watu. KISAHANI cha karatasi ngumu cha kuwekea glasi, kina picha ya mhusika. Cha upana wa kiganja. Hakibebi abiria.

Zilikuwa picha 14 na hauchagui. Mhudumu analeta kimefungwa kwenye karatasi ya fedha, unachana mwenyewe mezani roho mkononi. Meza zote mtaona watu wameshika kifuko hawajachana, wengine wanakiombea. Mimi niliagiza vinywaji vitatu. Vitatu peke yangu, na kuviacha ni aibu, kule ukiagiza unamaliza, hawapendi kabisa mtu anayenunua ili apate zawadi halafu anaacha glasi zimejaa. Kwa hiyo nimekunywa lita ya sukari.

Nikachana cha kwanza: Bokuto. Kapteni wa Fukurodani. Ambao nembo yao ni nini? BUNDI.

Cha pili: Ushijima.

Cha tatu, nimekishika dakika nzima, dada wa Moshi ameshika simu anarekodi: Bokuto tena. Yule yule. Anacheka na mikono juu.

Na kinachouma zaidi naye anavaa namba 4.

Chapati_Baridi

Bundi wa pili na wa tatu. Nilikwambia nahesabu.

Kigamboni_Kwetu

Ulipigiwa hodi mapema pale stesheni, hukusikia.

Mwl_Hesabu

Naomba nitoe mchango wangu. Picha 14, kama zimechanganywa sawasawa, vinywaji 3. Nafasi ya kumkosa libero wako kwa kila kifuko ni 13/14. Ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara tatu unapata kama asilimia 80 ya kumkosa kabisa, kwa hiyo ulikuwa na asilimia 20 tu ya kumpata. Na nafasi ya kupata angalau wawili wanaofanana kwenye vitatu ni 1 toa (13x12)/(14x14), inakuja nayo asilimia 20 na pointi kidogo. Maana yake kupata bundi pacha na kumpata Nishinoya vilikuwa karibu sawa kwa ugumu. Mungu alikupa muujiza wa ukubwa ule ule, upande tu ndo ulikosewa.

Kwa nyongeza ili uvuke nusu kwa nusu ulitakiwa vinywaji 10.

Libero_Mfupi

@Mwl_Hesabu mwalimu sikuomba haya.

Mzee_wa_Busara

Nimesoma kimya kimya nimeshindwa kunyamaza. Mtu mzima, mwenye kazi, umepelekwa kozi kwa ajili ya nchi, unaenda kulipa sijui shilingi ngapi unywe juisi ya rangi upate karatasi ya katuni. Jumla ilikuwa ngapi tuambie.

Libero_Mfupi

Shikamoo mzee. Kiti 770, chakula 1,690, vinywaji vitatu 2,400, hapo 4,860. Halafu nje ya mlango kuna kaduka, nikanunua beji nne za bati za yen 500 nazo za kufumba macho. Jumla yen 6,860. Siku zile yen 1,000 ilikuwa kama shilingi 17,500 hivi, kwa hiyo laki moja na ishirini.

Na wewe mzee nikuulize kwa heshima, jezi ya msimu huu umenunua? Na ya msimu uliopita? Na ile ya tatu waliyotoa katikati?

Mzee_wa_Busara

Marahaba. Jezi inavaliwa.

Nakuru_Nekoma

Hiyo ni kama elfu sita kasoro kidogo za Kenya. Manze. Na beji zilikuwa nani?

Libero_Mfupi

@Nakuru_Nekoma Tanaka, Kuroo, Tsukishima, na Bokuto.

Chapati_Baridi

WANNE. Tufunge uzi.

Bint_Unguja

Dada kabla hawajafunga, niulizie jambo. Miye nna safari ya mwakani inshaallah na nataka hizi kafe lakini hiyo kari ya nguruwe imeshanitia khofu. Muislamu anakula nini mule ndani?

Mkazi_wa_Sendai

Ngoja nimjibu Bint_Unguja maana naishi huku mwaka wa nne na mke wangu anavaa hijabu.

Kafe nyingi zina jedwali la vitu vya mzio, ukiliomba wanakuletea au lipo kwenye tovuti yao. Japani vitu kama ngano, mayai na maziwa ni lazima vitajwe kwenye vyakula vya pakiti, na kuna orodha ya pili ya vitu vinavyopendekezwa kutajwa, humo ndo ipo nyama ya nguruwe na pia jelatini. Kwa hiyo hata kama hujui kusoma, jifunze alama mbili tu: 豚肉 ni nyama ya nguruwe na ゼラチン ni jelatini. Tafuta mstari wake, ukiona kiduara, acha. Jelatini angalia hasa kwenye vitindamlo, zile keki laini na majeli ya rangi.

Kasoro ni kwamba pombe haimo kwenye jedwali hilo, na wapishi wa huku mirin na sake ya kupikia wanaweka kwenye mchuzi kama sisi tunavyoweka chumvi. Mke wangu anachofanya anaagiza kinywaji tu na kosta yake, basi, sehemu nyingi inaruhusiwa ilimradi kila mtu aagize angalau kitu kimoja. Halafu mnakwenda kula kwingine. Kutoka Ikebukuro kituo kinachofuata kwenye treni ya Yamanote ni Otsuka, kuna msikiti na maduka ya halali jirani. Ukitaka kuswali kwa utulivu na kuona jengo zuri nenda Tokyo Camii, Yoyogi-Uehara, ule wa Waturuki.

Bint_Unguja

Allah akuzidishie. Nimehifadhi. Yaani hapa watu wanacheka bundi tu, hakuna alowaza hilo.

Nakuru_Nekoma

Na ile ya namba ya simu bado haijajibiwa wasee. Kama sina mtu huko nafanyaje?

Mkazi_wa_Sendai

@Nakuru_Nekoma njia zipo, inategemea kafe na kafe. Moja, siku za kazi wiki za mwishomwisho viti vinabaki, unaenda tu mlangoni asubuhi wanagawa vikaratasi vya namba, vinaitwa seiriken, unarudi saa yako ikifika. Wiki ya kwanza usijaribu. Mbili, angalia miji mingine, kolabo kubwa inazunguka, Osaka, Nagoya, hata huku kwetu, na presha inapungua sana ukitoka Tokyo. Tatu, zile kafe za kudumu. Pokémon Cafe ipo Nihonbashi Tokyo na Shinsaibashi Osaka, tovuti yao ina Kiingereza, unajichagulia meza bila bahati nasibu. Wanafungua siku 31 kabla, saa kumi na mbili jioni ya huku ambayo kwenu ni saa sita kamili mchana. Kamili nimesema. Ukienda kuchukua chai umekosa. Ukikosa usikate tamaa, rudi rudi siku zinazokaribia maana watu wanaghairi na meza zinajitokeza.

Ila ukiona makala ya zamani inakwambia usikose Gundam Cafe ya Akihabara usipoteze nauli, ilifungwa Januari 2022.

Nakuru_Nekoma

Saa sita mchana iko poa, hiyo ni lunch break yangu. Asante sana ndugu, karma yako iko sawa.

Kigamboni_Kwetu

Mleta mada yuko wapi? Alimpata libero au tumeliwa muda?

Libero_Mfupi

Nipo, umeme ulirudi ukakatika tena.

Tumetoka mule saa kumi na dakika hamsini nimebeba bundi watatu kwenye mkoba, wawili wa karatasi mmoja wa bati. Nilikuwa nataka kubadilishana ndani kabisa kwa sababu meza ya pili nilimuona msichana amemchana Nishinoya, NILIMUONA, kamweka mezani kaegemeza kwenye glasi. Lakini mezani kuna kikaratasi kinasema kubadilishana vitu ndani ya kafe ni marufuku. Nikanyamaza. Yule binti akamfunga kwenye plastiki akaondoka naye.

Dada wa Moshi akasema twende bustanini.

Mbele ya Animate kuna kibustani cha mjini, Naka-Ikebukuro. Mtu asiyejua atadhani watu wanapumzika tu. Angalia vizuri: wasichana wameketi kwenye kingo, wengine wamechuchumaa, mbele yao wamepanga beji na kosta na kadi zimo kwenye plastiki safi kama muuza simu wa Kariakoo anavyopanga kava. Hakuna pesa inayopita, ni kitu kwa kitu. Mikoba yao mingine upande mzima ni kioo cha plastiki na ndani beji za mhusika mmoja tu zimejaa hamsini sitini, ule wanauita itabagu, maana yake mkoba unaouma. Nilivyoona bei ya beji moja nikaelewa inauma wapi.

Utaratibu wa lugha yao ni herufi mbili tu. 譲 maana yake ninatoa, 求 maana yake natafuta. Dada wa Moshi akaniandikia kwenye simu kwa maandishi makubwa, ninatoa Bokuto, natafuta Nishinoya, nikaishika kifuani kama wale wanaopokea wageni uwanja wa ndege. Mweusi peke yangu bustani nzima, mfupi, nimeshika bango. Aibu niliiacha Yokohama.

Na hapa ndo nikajifunza kitu. Bokuto ana soko! Sijamaliza dakika tano wamekuja watu watatu. Wa kwanza alikuwa na Kageyama, wa pili na Oikawa, nikakataa kwa kuinama inama. Wa tatu ni mama wa makamo, amevaa suti ya ofisini kabisa na kitambulisho cha kazi bado shingoni, kafungua mkoba wake mweusi wa kiofisi, ndani kwa siri upande wote ni bundi. Bokuto watupu. Akatoa kijalada cha plastiki, akapekua ukurasa, akanigeuzia.

Nishinoya. Yuko hewani, mkono mbele, mpira haujagusa sakafu.

Tulibadilishana kwa mikono miwili kila mtu. Akakagua yangu kwenye mwanga kama ina mkwaruzo nami nikajifanya nakagua yangu, machozi hata sioni. Halafu akanionyesha kwa kidole Bokuto wangu wa pili na beji, nikampa vyote, akatoa Nishinoya wa beji ya kolabo ya zamani na Daichi. Sikujua kama nimepunjwa au nimempunja na sikujali.

Akaongeza vipipi viwili kwenye kafuko. Nao wana desturi hiyo ya kuongeza kakitu. Mimi sina kitu, napekua mkoba, nikakumbuka nilikuwa na kahawa ya Kilimanjaro pakiti ndogo za zawadi za kozi, nikampa moja. Akasoma. "Kirimanjaro!" Kumbe kahawa yetu wanaijua miaka, ipo mpaka kwenye maduka madogo yao. Akaniuliza kitu, dada wa Moshi akatafsiri: anauliza huko kwenu watu wanaangalia Haikyu!!?

Nikamwambia mwambie nilikuwa libero.

Akaniangalia toka juu mpaka chini, safari fupi, akapiga makofi.

Chapati_Baridi

Basi mi bundi nimewasamehe.

Mzee_wa_Busara

Hapo kwenye kahawa umefanya vizuri.

Mwl_Hesabu

Nasahihisha. Kwa soko la kubadilishana hesabu yangu ya mwanzo haifai, maana kila kosta ni tiketi ya kosta nyingine ilimradi kuna anayeitaka. Bokuto wawili walikuwa mtaji. Ushijima ulimfanyia nini?

Libero_Mfupi

@Mwl_Hesabu Ushijima nilikaa naye nusu saa hakuna aliyemtaka siku ile, nikarudi naye. Yupo kwenye daftari la kozi.

Mkazi_wa_Sendai

Kwa faida ya wengine, kama hutaki kusimama na bango, maduka ya mtumba ya anime yapo mitaa hiyo hiyo. K-Books Ikebukuro ni maduka kadhaa, kosta za kolabo zilizopita zimepangwa kwa jina la mhusika unachagua unalipa. Asiye na wapenzi wengi unampata kwa bei ya soda, mwenye jina anaweza kuzidi bei ya sahani ya chakula. Nakano Broadway nako kuna Mandarake, duka jingine la mtumba.

Na kwa wewe Libero_Mfupi, ukirudi njoo kaskazini. Mwandishi wa Haikyu!! Haruichi Furudate ni mtu wa Karumai, mkoa wa Iwate, na mandhari mengi ya mtaa wa Karasuno yametoka hapo, mashabiki wanaenda kutembea barabara zile zile. Ni kimji kidogo, mabasi ya kuhesabu.

Libero_Mfupi

@Mkazi_wa_Sendai usinifanyie hivyo, nimebakiza likizo siku nne.

K-Books dada wa Moshi alinionyesha baada ya yote. Nishinoya wa kosta ile ile alikuwepo. Yen 400. Nimemwangalia dada wa Moshi, naye kaniangalia, tukaondoka bila kusema kitu.

Kigamboni_Kwetu

Weka picha ya kosta basi tuione na sisi hiyo mali.

Libero_Mfupi

Nimeenda kuipiga picha sasa hivi na tochi. Haipo kwenye droo. Nimeizungukia nyumba nzima nimeikuta jikoni, mama kaiwekea kikombe cha chai. Nimemuuliza mama hii umeitoa wapi, ananijibu si umesema mwenyewe ni ya kuwekea glasi.

Dereva_wa_Mbagala

Kosta imepata abiria.